Pakiti ya betri za kuchaji kwa Game Boy ya 1989

Game Boy ya kwanza ya Nintendo, DMG-01, mashine ya michezo ya kushika mkononi, hutumia mawe manne ya AA, yaani volti 6. Seli nne za NiMH (betri za kuchaji za nikeli) hutoa volti 4.8, na mashine inatosheka nazo. Ndiyo maana sishauri lithiamu: utahitaji kifaa cha kupandisha volti, na hicho mara nyingi huleta mvumo kwenye spika.

Penye kazi hasa ni kulinganisha seli. Moja ikiwa dhaifu, itaisha mapema huku zile tatu zikiendelea kusukuma mkondo ndani yake, mpaka hasi na chanya zigeuke. Hapo seli hutoa gesi na kupoteza uwezo wake. Kwa hiyo nunua sita au nane za miliampea-saa 2000, za aina moja, zilizochomelewa vibati vya nikeli kiwandani. Usishike solda moja kwa moja kwenye seli. Joto huharibu muhuri wake. Zichaji, kisha kila moja uifungie rezista ya omu 5.6 na uhesabu muda hadi multimita isome volti 1.0 rezista ikiwa bado imefungwa. Seli nzima hukaribia saa tisa. Chagua nne zisizopishana zaidi ya dakika 25.

Game Boy nyingi za mitumba hapa Kisumu huwa na ukoko mweupe au wa kijani kwenye springi. Ni alkali iliyovuja. Paka siki kwa pamba, kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa.

Panga seli kwa kufuata alama za + na − zilizo ndani ya kisanduku, uziunge mfululizo. Kati ya ya pili na ya tatu weka fyuzi inayojirudisha, ya ampea 0.5. Hapa wengi hukosea: vibati vya kisanduku chenyewe huunganisha seli hizohizo, hivyo mkondo huizunguka fyuzi na ulinzi unakuwa bure. Funika viungo vyote vya katikati kwa utepe wa Kapton, usiopitisha umeme. Acha wazi ncha mbili tu, hasi ya kwanza na chanya ya mwisho.

Toa pakiti nje unapochaji. Adapta ya volti 12 ya modemu inafaa: pitisha mkondo kwenye dayodi ya 1N4007 na rezista ya omu 27, wati 5, vyote mfululizo. Utapata takriban miliampea 200, na pakiti tupu itajaa kwa saa 14 hadi 16. Rezista itapata moto, iweke mbali na plastiki. Stima ikikatika, dayodi huzuia chaji isirudi kwenye adapta. Jumlisha saa ulizokwisha kuchaji, usianze kuhesabu upya. Napendelea njia hii polepole kuliko chaja ya haraka, kwa sababu baadhi ya chaja hizo huanza upya stima inaporudi na kuzipika seli zilizokwisha kujaa. Chaji usiku: joto la mchana la kando ya ziwa hupunguza kiasi ambacho NiMH inaweza kupokea.

Unapocheza, taa nyekundu ya Game Boy ikianza kufifia, zima papo hapo, hata kama mchezo bado haujaisha.