Uliokota wapi hasa?

Mvulana wa gredi ya saba alinifungulia leso. Ndani mlikuwa na ganda la risasi la shaba, limeota kutu ya kijani. Aliliokota kwenye mteremko wa mlima wa Chetambe, juu ya mji wa Webuye, magharibi mwa Kenya, akaja nalo kwa miguu anikabidhi. Nikamuuliza, "Uliokota wapi hasa?" Akanyoosha mkono, akanionyesha mlima mzima.

Watu wengi hudhani mwanaakiolojia hutafuta vitu. Mimi hutafuta mahali vitu vilipolala. Mwaka 1895 kikosi cha Waingereza chenye askari wa Kisudani kilishambulia ngome iliyokuwa hapo Chetambe, ya handaki na tuta la udongo, watu wa jamii za Wabukusu na Watachoni wakiwa ndani. Sasa fikiria: ganda huanguka miguuni pa mpigaji, lakini risasi yenyewe huenda kwa aliyelengwa. Maganda kumi yaliyopimwa pale yalipolala yanaweza kunionyesha mstari wa askari, upande waliopandia, hata waliporudi nyuma. Ganda moja lililotoka mfukoni linaniambia tu kwamba mtu fulani alifyatua bunduki.

Ndiyo maana nikienda shuleni siku hizi nabeba vijiti na vitambaa vyekundu. Ukiona kitu, usikiguse. Chomeka kijiti kando yake, uniite. Watoto hulishika hilo haraka kuliko watu wazima.

Wazee walikuwa na swali jingine: je, natafuta dhahabu? Nilitandaza turubai, nikaleta chekeche, nikawapa wachekeche udongo wenyewe. Vigae, mizizi, vijiwe. Uvumi ukatulia kidogo. Ila kukhu mmoja, yaani bibi mzee, hakuja kwenye chekeche. Aliniambia, "Mwanangu, hapo unapochomeka vijiti kuna watu wetu." Alisema kweli. Mwaka 1947 Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa, dini iliyopinga ukoloni, walikusanyika hapa kuwakumbuka waliouawa. Sheria ya turathi ya mwaka 2006 hudai kibali kabla ya kuchimba, na ni sawa, lakini kibali cha Nairobi hakimwombi ruhusa kukhu. Nimeamua sichimbi ndani ya tuta mpaka wenye wafu wao waseme ndiyo.

Yule mvulana nilipanda naye tena. Tulizunguka asubuhi nzima, akasimama mahali patatu, kila mara akitikisa kichwa. Daftarini ganda lake lina namba, urefu na uzito. Kwenye safu ya mahali nimeandika: mlimani.