Kwa nini kikao cha mpango wa mji hujaa mtaa mmoja, na mtaa wa jirani watu wasije?

Je, wajua kuwa kila mtu mzima anayeishi katika mtaa wa Uganda tayari ni mjumbe wa baraza la mtaa huo, hata kama hajawahi kuambiwa? Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 haikutaja mwenye nyumba wala mwenye hati ya ardhi. Ilitaja mkazi aliyetimiza miaka 18. Mpangaji wa chumba kimoja Bwaise, mtaa wa mabanda wa Kampala, mwenye duka la jumla Mbale na mwendesha boda wa Oli kule Arua wanahesabiwa sawa. Ikaja sheria ya 2010 ya upangaji wa matumizi ya ardhi, ikatangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango na kutaka ramani ya mji iwekwe hadharani ili mwenye pingamizi aseme.

Haki ipo, basi. Lakini ingia kwenye kikao chenyewe. Mara nyingi utamkuta mwenyekiti wa baraza hilo la mtaa, liitwalo LC1, katibu wake, wazee wanne watano, na kina mama wachache karibu na mlango. Afisa wa manispaa ataondoka akisema watu wa hapa hawana mwamko, wahamasishwe. Hilo jibu mimi silikubali. Watu hao hao wana kikundi cha akiba ambacho hakikosi mtu hata siku ya mvua. Mwamko wanao. Wanachopima ni kama maneno yao yana pa kwenda.

Tuanze na gharama, maana maskini huanza hapo. Kikao kikiitwa saa nne asubuhi siku ya Jumanne, muuza nyanya ameambiwa afunge meza wakati wateja ndio wanafika, na mtu wa boda ameambiwa aache abiria. Waandaaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanatoa nauli na soda. Nauli huleta watu, sikatai. Ila huwaleta wale wale kila mara, na mradi ukiisha soda ikakatika, kikao nacho kinakufa. Kuhamishia kikao Jumapili alasiri, chini ya mwembe ulio mtaani badala ya ukumbi wa manispaa, ni rahisi zaidi na huleta sura mpya.

Jambo la pili ni zito zaidi: takwimu za fedha. Uganda yenyewe ina mfano unaotajwa duniani kote, ingawa ulitokana na shule, si barabara. Wachunguzi walifuatilia ruzuku ambayo serikali kuu ilizitumia shule za msingi kati ya 1991 na 1995. Walikuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Zilizobaki ziliishia njiani, wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kila wilaya imepokea kiasi gani, na shule zikatakiwa kubandika hesabu zao ukutani. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ya fedha ilikuwa inafika. Wapo wachumi wanaosema yalikuwepo mageuzi mengine wakati huo, na gazeti peke yake lisipewe sifa yote. Sawa. Lakini mzazi anayejua shule yake imetumiwa kiasi gani huuliza swali tofauti kabisa na mzazi aliyeambiwa tu kwamba serikali inajitahidi.

Ukilileta hilo mjini utaona kwa nini vikao vingi vya mipango ni vya kusinzia. Wakazi huulizwa "mnataka nini?" bila kuambiwa kiasi kilichopo. Nao wanataja kila kitu: lami, zahanati, taa, soko, uwanja. Orodha inapanda kutoka mtaani hadi kata, kutoka kata hadi divisheni, na huko juu inakatwa na watu wasioonekana. Mwaka unaofuata wanaulizwa tena swali lile lile. Ni nani atakayekuja mara ya tatu? Mpango wa mikutano ya hadhara uitwao "baraza", ulioanzishwa na serikali 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ulijaribu kuziba pengo hilo: maafisa wanasimama mbele ya wananchi, wanasema kilichopangwa, kilichopokelewa na kilichotumika, kisha wanaulizwa. Kwa sura ni kikao kizuri. Udhaifu wake ni kwamba afisa akishaulizwa na kuahidi, hakuna anayemlazimisha kurudi.

Kinachovutia watu zaidi ya vyote, kwa maoni yangu, ni kuja na hesabu yao wenyewe. Shirikisho la Kitaifa la Wakazi wa Mitaa ya Mabanda la Uganda limejengwa juu ya vikundi vya akiba, vidogo vidogo, vingi vyake vikiwa vya wanawake. Kutokana na vikundi hivyo wakazi hutoka wenyewe mlango kwa mlango kuhesabu kaya, vyoo na mabomba ya maji, na kuchora ramani ya mtaa wao. Mwaka 2010 serikali, Cities Alliance (ushirika wa kimataifa wa kusaidia miji) na shirikisho hilo waliingia pamoja kwenye mpango wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini, uliojulikana kama TSUPU, katika miji mitano: Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara. Kila mji ukapata jukwaa la maendeleo la manispaa, ambapo wakazi wa mabanda, wafanyabiashara, maafisa na madiwani wanakaa meza moja, pamoja na mfuko mdogo wa miradi ambayo wakazi wanaipendekeza na kuisimamia: choo, bomba, mtaro. Baadaye majukwaa hayo yakaenea kwenye manispaa 14 za mpango wa miundombinu ya miji wa USMID, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha 2013.

Angalia kilichobadilika hapo. Afisa akisema mtaa una vyoo vya kutosha, mama wa kikundi anafungua daftari na kumsomea. Mjadala unaondoka kwenye kuomba, unakuwa wa kulinganisha hesabu mbili. Na mfuko ukiwa mdogo lakini wa kweli, watu wanagombana kwa maana: mtaro uanze upande wa juu au wa chini? Kule Bwaise, ambako mvua ya saa moja inatosha kuingiza maji ndani ya nyumba, swali hilo lina uzito kuliko hotuba yoyote ya uwezeshaji. Mtu aliyechangia jasho na vijisenti kwenye mtaro huo atakuja pia kikao cha kuusafisha. Sijasema kila jukwaa lilifaulu. Mengine yalichoka mara fedha za wafadhili zilipopungua, jambo linalotuambia pia ni nani aliyekuwa akiyabeba.

Hofu nayo huleta watu, tusijifanye hatuijui. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipoanza rasmi kuwa jiji, pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Fort Portal na Masaka, mipaka mipya ilimeza vijiji vilivyokuwa vya mihogo na mbuzi. Watu wa Ayivu, viungani mwa Arua, walilala wakulima wakaamka wakazi wa jiji, juu ya ardhi ya ukoo isiyo na hati. Likitajwa neno "ramani" mahali kama hapo, uwanja unajaa, maana kila mmoja anataka kujua kama barabara imechorwa juu ya kaburi la babu yake. Katiba, ibara ya 26, inasema mtu asinyang'anywe mali kabla ya kulipwa fidia ya haki, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliutilia nguvu msimamo huo katika kesi iliyohusu ardhi ya barabara upande wa Hoima. Aliye na uhakika huo huja kujadili. Asiye nao huja kupinga tu, na baada ya siku hiyo haonekani tena. Ndiyo sababu hofu inajaza kikao kimoja, haijengi desturi.

Wapangaji ndio wanaosahaulika, na Kampala wao ni wengi. Mwenye kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine) au shamba la mailo (ardhi ya milki ya kudumu yenye hati) akisikia taa za barabarani zinakuja anafurahi, thamani inapanda. Mpangaji akisikia hivyo anapiga hesabu ya kodi mpya. Mnamo 2011 wakazi wa nyumba za serikali za Naguru na Nakawa walivunjiwa kwa ajili ya mji wa kisasa uliotangazwa pale, na eneo likabaki tupu kwa miaka. Mpangaji wa Kampala anayekumbuka hayo ana sababu ya kukiangalia kikao cha "maendeleo" kwa jicho la pembeni. Ukimtaka aje, mwambie kwanza kodi na makazi yake vitakuwaje.

Yupo pia mwenyekiti wa LC1. Yeye ndiye anayepita akiwaita watu, na barua yenye muhuri wake ndiyo inayofungua milango. Uchaguzi wa LC1 ulifanyika 2001, kisha haukufanyika tena hadi Julai 2018, watu wakipanga foleni nyuma ya mgombea wao. Miaka 17 kiongozi hajapigiwa kura! Wengine walifanya kazi nzuri hata hivyo, lakini mkazi aliyekosana na mwenyekiti wake hakuwa na njia ya kumwajibisha, akabaki nyumbani kwake.

Kuhusu lugha niseme kwa ufupi. Kiswahili kiliingizwa kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kukisukuma mbele. Hata hivyo, michoro ya mji na ripoti zake bado ni za Kiingereza, hata kwenye miji ambayo soko lake linaongea Kiswahili, Kinubi na Kilugbara kwa sentensi moja. Mchoro usiosomeka umebandikwa hadharani kwa jina tu.

Kwa anayetaka kwenda, ajue kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mikutano ya bajeti ya wilaya, majiji na manispaa hufanyika kwa kawaida Oktoba na Novemba ya mwaka uliotangulia, baada ya mitaa na kata kupeleka mapendekezo yao. Anayefika Mei kuulizia mtaro wake anakuta karatasi zinasubiri kupitishwa. Swali la kwenda nalo Oktoba ni hili: yale tuliyoandika mwaka jana, lipi limeingia, lipi limekatwa, na nani alilikata?