Malodi wakikataa muswada, wabunge hufanyaje?

Wengi hudhani kwamba nchini Uingereza wabunge hupiga kura maalumu ya kuwashinda Malodi, yaani wajumbe wa baraza la juu la Bunge, wasiochaguliwa na wapiga kura. Kura hiyo haipo, wala theluthi mbili haihitajiki. Ili muswada uwe sheria bila ridhaa ya Malodi, Sheria za Bunge za 1911 na 1949 zinadai mambo mawili: muda na maandishi yaleyale.

Muswada wa fedha ni rahisi. Spika akithibitisha kuwa ni wa fedha tupu, Malodi wana mwezi mmoja tu wa kuupitisha, la sivyo unakuwa sheria bila wao. Chanzo cha sharti hili ni bajeti waliyoikataa mwaka 1909.

Miswada mingine ya umma lazima ipitishwe na wabunge katika mihula miwili ya vikao inayofuatana, na kila mara iwafikie Malodi angalau mwezi mmoja kabla muhula haujafungwa. Kati ya kusomwa mara ya pili katika muhula wa kwanza na kupitishwa katika wa pili, lazima mwaka upite. Awali, kabla ya Sheria ya 1949, ilikuwa mihula mitatu na miaka miwili.

Tutazame marufuku ya kuwinda kwa mbwa, England na Wales. Muswada ulisomwa mara ya pili Desemba 2002. Malodi hawakuupigia kura ya kuukataa. Muhula wa 2003 ulikwisha ukiwa bado kwenye kamati yao. Kisheria, huko nako ni kukataa. Septemba 15, 2004, wabunge waliupitisha tena, hatua zote kwa siku moja.

Hapa ndipo penye mtego. Wabunge wakigusa maneno ya muswada, unahesabika mpya na saa inaanza upya, isipokuwa mabadiliko yanayolazimishwa na muda uliopita au yaliyotoka kwa Malodi wenyewe. Kwa hiyo walipotaka marufuku isogezwe hadi 2006, walipeleka pendekezo pembeni ya muswada. Mabaraza hayakuafikiana, muda wa awali wa miezi mitatu ukabaki: sheria ilisainiwa Novemba 18, ikaanza Februari 18, 2005. Wapinzani walidai mahakamani kuwa Sheria ya 1949 ni batili, kwani nayo ilipita bila ridhaa ya Malodi. Majaji tisa waliitupa hoja hiyo.

Njia hii haigusi sheria ndogo, wala miswada iliyoanzia kwa Malodi. Na lililo zito kuliko yote: muswada wa kurefusha uhai wa Bunge kupita miaka mitano. Huo Malodi wanaweza kuuzuia moja kwa moja, la sivyo wabunge walio wengi wangejiongezea muda bila kurudi kwa wapiga kura.