Kigunduzi cha metali si cha wenye masikio makali tu

Wengi hudhani asiyesikia vizuri hawezi kutafuta sarafu kwa kigunduzi cha metali, kwa kuwa kazi yote ni kusikiliza mlio. Si kweli. Mlio ni namna moja tu ya kutoa taarifa. Koili, ile sahani iliyo chini ya mashine, inapopita juu ya metali, mashine hupima badiliko katika uga wa sumaku, na badiliko hilo laweza kuonyeshwa kwa namba kwenye skrini au kwa mtetemo wa mpini. Nokta Simplex, kwa mfano, hutetemeka mkononi. Garrett Pro-Pointer AT, kile kijiti cha kuchokolea shimoni, nacho kina mtetemo.

Kosa jingine ni kukimbilia kuongeza sauti. Uzeeni, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na madini ya fedha mara nyingi hulia kwa sauti nyembamba! Kwenye mashine inayoruhusu, shusha mlio uwe mzito kidogo.

Anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, achague hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote. Zikikigandamiza kile kifaa, kitapiga mluzi. Mtetemo nao una udhaifu: ishara hafifu ya kitu kilicho chini sana hupita bila kuhisiwa, kwa hiyo tembeza koili polepole, jicho likiwa kwenye skrini.