CBG hufikaje kwenye jeni za seli ya neva?

Ukitaja bangi, watu hukimbilia THC, kemikali yake inayolevya. Mimi kazini huvutiwa zaidi na ndugu zake wanyonge, hasa kanabijeroli (CBG), iliyotengwa na Gaoni na Mechoulam huko Israeli mwaka 1964. Hailevyi. Asidi yake ndiyo malighafi ambayo mmea hutengenezea THC na CBD (kemikali nyingine ya bangi isiyolevya), ndiyo maana ua lililokomaa hubaki na CBG kiduchu.

Sasa, dutu ya mmea inaigusaje jeni? Herufi za DNA haizibadilishi. Njia mojawapo ni kipokezi (protini inayopokea ishara za kemikali) kiitwacho PPAR-gama, ambacho hakikai kwenye utando wa seli bali ndani ya kiini, kimeshikana na kipokezi mwenzake, RXR, juu ya DNA yenyewe. CBG ikijipachika humo, kipokezi hubadili umbo. Protini zilizokuwa zikiizuia jeni huachia, zinazochochea usomaji huingia, na RNA yake, yaani nakala ambayo seli hutumia kutengeneza protini, huongezeka.

Mwaka 2015 watafiti wa Madrid waliwapa CBG panya wa R6/2, wanaobeba kipande cha jeni ya binadamu yenye kasoro ya ugonjwa wa Huntington, maradhi ya kurithi yanayoua seli za ubongo. Jeni kadhaa zilizovurugika zilirudi kiasi kuelekea hali ya kawaida, HDAC2 ikiwemo. Hiyo ndiyo inayonisisimua: kimeng'enya chake huondoa vibandiko vya kemikali viitwavyo asetili kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, DNA ikajikaza kama uzi kwenye kibiringo, isisomeke. Ikiyumba HDAC2, jeni chungu nzima huyumba nayo. BDNF, inayolisha neva, nayo ilipanda, ingawa kidogo.

Kisha mwaka 2020 wenzetu wa Messina, Italia, waliweka CBG kwenye seli za NSC-34, zinazokuzwa maabara. Usomaji wa jeni za glutameti, GABA na dopamini, kemikali ambazo neva huwasiliana kwazo, ulibadilika, karibu sawa na ilivyokuwa kwa CBD. Wauza mafuta ya bangi mtandaoni hupenda sana habari za namna hii! Lakini CBG ilimiminwa moja kwa moja juu ya seli, bila kupita tumboni wala kwenye ini. Tena NSC-34 ni chotara wa neva ya panya na seli ya saratani. Na RNA kuongezeka si lazima protini iongezeke.

Ningekuwa mimi, ningepima protini, kisha ningeifunga PPAR-gama kwa GW9662, kemikali inayokizuia kipokezi hicho, na kurudia jaribio. Mabadiliko yakibaki, basi yamepita mlango mwingine, pengine vipokezi vya alfa-2 vya adrenalini, ambavyo CBG huviamsha vizuri tu.