Kisu cha Merry: kwa nini riwaya ndefu haiingii yote kwenye filamu?

Kama umewahi kutazama sehemu ya tatu ya The Lord of the Rings, ile iliyotoka mwaka 2003, bila shaka unakikumbuka kisa cha uwanja wa vita wa Pelennor. Mfalme Mchawi, kiongozi wa wapanda farasi weusi, amemwangusha Éowyn, mwanamke shujaa, na yuko tayari kummaliza. Mara anatokea Merry kwa nyuma, kijana mfupi asiyefika kifuani mwa mtu mzima, anamchoma nyuma ya goti. Mfalme Mchawi anapiga kelele na kuanguka kwa magoti. Éowyn anasimama, anamkita upanga usoni, kazi imekwisha.

Swali hubaki. Huyu kiumbe aliyetisha majeshi mazima, amewezaje kuangushwa na kisu cha mtu mdogo namna ile?

Jibu limo kitabuni, mamia ya kurasa nyuma. Mwanzoni mwa safari ya kwenda kuiteketeza Pete yenye nguvu za uovu, Merry na wenzake watatu, Frodo anayeibeba, Sam na Pippin, wanapotea kwenye ukungu, wananaswa na zimwi linaloishi ndani ya kaburi la kale. Anakuja kuwaokoa mzee wa ajabu aitwaye Tom Bombadil, anayeimba kila wakati na asiyeogopa chochote. Katika hazina ya kaburi lile anawachagulia visu vinne, ambavyo kwa kimo chao ni panga kamili. Visu hivyo vilifuliwa zamani na watu waliokuwa wakipigana na huyuhuyu Mfalme Mchawi. Ndiyo maana kisu cha Merry kilipoingia, kilivunja uchawi uliokuwa ukiushikilia mwili ule usioonekana. Kisha kisu chenyewe kikateketea kama kijiti kikavu. J.R.R. Tolkien, mwandishi wa kitabu, katikati ya kelele zote za vita, anasimama kidogo kumkumbuka mhunzi wa kale aliyekifua taratibu: angefurahi sana, anasema, kama angejua kisu chake kiliishia wapi.

Kwenye filamu Bombadil hayumo, na kaburi halimo. Sura tatu nzima zimeondolewa. Visu vile wanapewa na Aragorn, shujaa anayewaongoza, usiku mmoja juu ya kilima, bila maelezo. Merry bado anachoma, Mfalme Mchawi bado anaanguka, lakini sababu imepotea njiani.

Nimeanza na kisu hiki kwa sababu watu wengi hudhani ugumu wa kugeuza riwaya ndefu kuwa filamu ni urefu tu: kitabu kikubwa, muda mfupi, basi punguza. Lakini riwaya ya namna hii imesukwa kama mkeka. Ukichomoa ukindu mmoja pembeni, unafumuka katikati, mahali ambapo hukugusa kabisa.

Urefu nao si jambo dogo. Kitabu hiki kilichapwa kwa mafungu matatu kati ya mwaka 1954 na 1955, na kina zaidi ya kurasa 1,000. Mwigizaji Rob Inglis alikisoma chote kwa sauti, neno kwa neno, na usomaji wake unapita saa 50. Filamu tatu za mwongozaji Peter Jackson, kama zilivyoonyeshwa kwenye kumbi za sinema, zina dakika 178, 179 na 201. Jumla ni saa 9 na dakika 18. Kwa kawaida ya watu wa filamu, ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo mwandishi wa skripti anajua tangu siku ya kwanza kwamba sehemu kubwa ya kitabu haitaingia. Kinachomsumbua ni kuamua kipi kibaki.

Tolkien mwenyewe aliliona hili mapema. Mwaka 1957 alitumiwa mpango wa filamu kutoka Marekani, na barua alizoandika kuuhusu zinasomeka mpaka leo. Alitofautisha njia mbili za kufupisha. Moja ni kuchagua: unaacha baadhi ya visa, vile unavyovichukua unavipa nafasi yake. Nyingine ni kubana: unabeba kila kitu lakini unakikamua, mpaka msongamano unaua visa vikubwa. Yeye alipendelea kuchagua, na mpango ule aliuona ni wa kubana. Ulimkera kwa mengi, likiwemo la tai wakubwa kutumiwa ovyo kuwabeba wasafiri, ilhali safari yenyewe ya miguu ndiyo hadithi.

Akasema jambo jingine ambalo kila nikilifikiria linanishangaza. Kama hakuna nafasi ya kutosha kwa vita vya ngome ya Helm's Deep na pia kwa miti inayotembea na kusema, basi kiondoke kimojawapo, na kiondoke Helm's Deep, kwa kuwa si kiini cha hadithi. Miaka zaidi ya 40 baadaye Jackson alifanya kinyume kabisa. Vita vile alivipiga picha kwa miezi, usiku kwa usiku, kwenye machimbo ya mawe karibu na Wellington, New Zealand, na vikawa kilele cha filamu ya pili. Nani alikosea? Kwa maoni yangu, hakuna. Msomaji anaweza kubebwa na mazungumzo marefu ya miti msituni. Mtu aliyekaa ukumbini saa tatu anahitaji mlima wa kupanda kabla ya kwenda nyumbani.

Kabla ya Jackson, wengine walijaribu wakakwama. Mwaka 1970 mwongozaji John Boorman aliandaa skripti ya kuingiza hadithi yote katika filamu moja, na haikutengenezwa. Mwaka 1978 Ralph Bakshi alitoa filamu ya katuni iliyofika karibu nusu ya hadithi, ikasimama hapo; sehemu yake ya pili haikuja. Jackson naye alianza na mpango wa filamu mbili chini ya kampuni ya Miramax. Mwaka 1998 gharama zilipowatisha, kampuni ikataka zote ziwe moja. Akapewa wiki chache atafute mwingine wa kugharamia. Alipokwenda kampuni ya New Line, mkuu wake Bob Shaye akauliza kwa nini azungumzie filamu mbili wakati vitabu ni vitatu. Swali hilo moja liliokoa kazi nzima. Zote tatu zilipigwa picha kwa mfululizo, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, siku 274.

Hata ukipewa saa tisa, kuna mpangilio. Fungu la pili la kitabu limegawanyika katikati: nusu ya kwanza ni Aragorn na wenzake tu, nusu ya pili ni Frodo, Sam na Gollum, kiumbe anayewaonyesha njia, tu, na kwa kurasa nyingi hujui upande mwingine unaendeleaje. Msomaji huvumilia hilo. Mtazamaji ukimficha mhusika mkuu kwa saa nzima, atadhani umemsahau. Kwa hiyo filamu inaruka huku na huku: dakika chache kwa Frodo, dakika chache vitani.

Sasa tazama hasara yake. Kitabuni, tunamwacha Frodo akiwa ametekwa na adui, kisha tunaondolewa kwake kwa muda mrefu. Aragorn na jeshi lake dogo wanafika mbele ya Lango Jeusi, mlango wa nchi ya adui. Anatoka mjumbe wa adui na bunda mkononi, analifungua: shati la chuma cha thamani alilokuwa amevaa Frodo, vazi lake, na upanga wa Sam. Moyo unasimama. Sisi wasomaji hatujui zaidi ya wanavyojua wao. Kwenye filamu, kwa sababu ya kule kuruka, tumekwisha kumwona Sam akimtoa Frodo gerezani. Mjumbe akija na shati lile, hatutishiki, tunajua anadanganya. Kisa hicho kikaondolewa kwenye toleo la sinema, kikarudishwa tu kwenye toleo refu la kutazama nyumbani. Kilipigwa picha vizuri. Ila mpangilio wenyewe ulikuwa umeshakinyang'anya nguvu.

Na wakati je? Mwandishi anaweza kusema miaka ikapita, akaendelea. Kati ya sherehe ya kuzaliwa ya Bilbo, mlezi wa Frodo, na siku ambayo mchawi Gandalf anarudi kumweleza Frodo ukweli wa ile Pete, kitabuni imepita miaka 17. Frodo anaondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 50. Kwenye filamu inaonekana kama muda mfupi tu. Hakuna mtazamaji ambaye angekubali hatari iwe inakuja huku watu wanalima bustani miaka 17.

Kuna gumu jingine linalotesa waandishi wa skripti: yaliyo moyoni. Pete ile haisemi, haitembei. Kitabuni nguvu yake tunaisoma ndani ya mawazo ya watu. Kamera haiingii moyoni. Kwa hiyo filamu ikaipa Pete minong'ono, ikatumia pete kubwa iliyotengenezwa makusudi kwa picha za karibu, na zaidi ya yote ikawatumia watu: tunaijua nguvu ya Pete kwa jinsi inavyowabadilisha wanaoitazama.

Hapo ndipo Faramir, kapteni anayekutana na Frodo njiani, alipoumizwa. Kitabuni ni mtu wa kipekee. Anamwambia Frodo kwamba kitu kile asingekiokota hata angekikuta kimelala njiani, na anatimiza neno lake. Kwenye filamu anatamani, anawakamata Frodo na Sam na kuwapeleka mpaka mji wa Osgiliath kabla ya kuwaachia. Waandishi, Fran Walsh na Philippa Boyens pamoja na Jackson, walieleza sababu: baada ya kumwonyesha mtazamaji kwa saa nyingi kwamba hakuna anayeweza kuipinga Pete, akitokea mtu asiyejali kabisa, hofu yote inayeyuka. Tena walikuwa wamekihamishia kisa cha buibui Shelob kwenye filamu ya tatu, kwa hiyo Frodo alihitaji mtihani mwingine wa kufungia filamu ya pili. Naielewa hoja yao, na bado namlilia Faramir wa kitabuni. Ukindu ulichomolewa kwa Shelob, ukafumuka kwa Faramir.

Vitu vya kuonekana kwa macho vilikuwa vigumu pia, lakini hivyo huwa na ufundi wake. Gandalf na Frodo walipokaa kwenye mkokoteni mmoja, benchi lilitengenezwa ili Elijah Wood, aliyeigiza Frodo, akae nyuma zaidi ya Ian McKellen, aliyeigiza Gandalf. Kamera ikiwatazama kwa mbele, unadhani wako bega kwa bega na mmoja ni nusu ya mwenzake. Nyumba ya Bilbo ilijengwa mara mbili, moja kubwa na moja ndogo. Na mara nyingi ukimwona Frodo kwa mbali au kwa mgongo, unayemwona ni Kiran Shah, mzaliwa wa Nairobi, mwenye kimo cha sentimita 126 hivi, aliyeingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kama mtaalamu mfupi kuliko wote wa kuigiza visa vya hatari. Wengi wetu Afrika Mashariki tumemtazama kwa miaka bila kujua kwamba kwetu ni kwao.

Filamu ya tatu ilishinda tuzo zote 11 za Oscar ilizopendekezwa. Hata hivyo, Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi aliyetumia maisha yake kuhariri maandishi ya baba yake, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba filamu zile zilikitoa kitabu utumbo na kukifanya kuwa hadithi ya mapigano kwa vijana. Ni maneno makali, na nadhani yalitoka kwa mtu aliyeumia kweli. Tazama mwisho tu. Kitabuni, wale wanne wanarudi nchini kwao Shire na kuikuta imeharibiwa: miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, watu wanaonewa. Inabidi wapigane kwao wenyewe, bila Gandalf. Tolkien aliona sura ile ni sehemu ya lazima ya mpango wake. Filamu inawarudisha kwao kukiwa kama walivyokuacha. Watazamaji wengi tayari walikuwa wakilalamika kwamba filamu ina miisho mingi mno. Ongeza vita vingine hapo, nani angebaki ukumbini?

Ukidhani dawa ni kuongeza muda, kumbuka The Hobbit. Hicho ni kitabu cha watoto cha Tolkien cha mwaka 1937, chenye kurasa kama 300, na Jackson huyohuyo alikifanya filamu tatu, mwaka 2012, 2013 na 2014. Sasa nafasi ilikuwa tele, ikabidi ijazwe. Aliingizwa mpiga mishale Legolas asiyekuwemo kitabuni, akabuniwa mhusika mpya Tauriel, mapigano yakarefuka. Nilipozitazama nilikiona kitabu kikinyoshwa kama unga mchache uliolazimishwa kutoa chapati nyingi: unaona mpaka upande wa pili.

Bombadil naye hakupotea kabisa. Katika toleo refu la filamu ya pili, Merry na Pippin wanabanwa na mizizi ya mti msituni, kama walivyobanwa kitabuni katika sura zilezile zilizoondolewa. Treebeard, mzee wa miti, anafika na kuuamuru mti ule uwaachie, ule udongo, uchimbe chini, unywe maji, ulale. Ni maneno ya Bombadil yale. Waliomwondoa walimtafutia pa kujibanza, kwenye kinywa cha mwingine.