Presha na uvimbe wa tezi ya pituitari

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alifungua pindo la khanga yake kliniki akanionyesha pete ya ndoa. Ilikuwa haimwingii kidoleni mwaka wa 3 sasa. Viatu navyo alishahama kutoka namba 39 hadi 42. Presha ilisoma 170 kwa 105, na dawa zake 3 hakosi hata siku moja. Majirani walisema amenawiri, biashara imekubali. Mimi nilitazama taya na viganja vyake, nikaomba vipimo vya homoni ya ukuaji, kisha picha ya MRI ya kichwa.

Pituitari ni tezi ndogo kama punje ya njegere, imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Uvimbe wake mara nyingi mno si saratani. Lakini ukimwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, figo zinang'ang'ania chumvi, maji yanaifuata chumvi, moyo unalemewa na damu iliyoongezeka.

Uvimbe wa pituitari unaweza pia kuziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zimwage kotisoli, homoni ya msongo. Kotisoli ikizidi ni balaa zaidi. Huo ndio ugonjwa wa Cushing, na takriban watu 8 kati ya 10 walio nao wana presha. Figo ina kimeng'enya kinachoizima kotisoli isifanye kazi ya aldosteroni, homoni inayoshika chumvi. Kotisoli ikifurika, kimeng'enya kinazidiwa: chumvi inabaki mwilini, potasiamu inapotelea kwenye mkojo.

Upasuaji hupitia puani. Ukifaulu, presha huanza kushuka, na hapo ndipo ninapowasihi sana. Kwa mgonjwa wa Cushing, tezi za adrenali zinakuwa zimelala. Kuamka kwake ni miezi, pengine zaidi ya mwaka. Anahitaji haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kila siku. Akiiacha, huku anameza dozi zilezile za presha, anaweza kuzimia, hata kufa. Wengine wakiona 125 kwa 80 wanatupa vidonge vyote. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Pima asubuhi na jioni, andika kwenye daftari, njoo nalo, tupunguze dozi pamoja.

Presha ya miaka mingi huwa imeshakakamaza mishipa, kwa hiyo si kila mtu ataachana na dawa. Yule mama alipasuliwa, akakojoa sana siku za mwanzo, uso ukanywea. Leo yuko 130 kwa 82, kwa kidonge kimoja. Pete inaingia kwa sabuni kidogo. Viatu bado ni 41: nyama na maji vimepungua, mfupa haujarudi.